Mama, Machungwa na Kindege cha Kigoma

Leo mama yangu mzazi amechagua gunia la machungwa, akaniacha mimi.

Mnanijua. Nimeandika humu mara ngapi kwamba ndege ndogo ni majigambo ya wenye nacho?

Sasa Zaituni, binti wa kaka yangu, ni rubani, na bosi wake amemwazima kindege. Kesho anampeleka mama Kigoma kwa dada yake anayeumwa. Hawajaonana tangu nikiwa shule ya msingi. Mimi nilikuwa niende nao kama msindikizaji.

Asubuhi, hapa Misima, Handeni, Zaituni akatupima wote kwenye mizani ya mahindi. Mama akaburuta na gunia lake.

"Bibi, tumezidi uzito."

"Punguza mafuta!" nikafoka.

"Baba mdogo, tukishapita Dodoma, chini ni pori tupu. Mafuta siyagusi."

Nikamgeukia mama. Kigoma nako machungwa yapo, jamani!

"Dada ameomba ya shamba la baba yetu. Wewe hajakuomba."

Eti hajaniomba. Mimi!

Zaituni akalaza rula kwenye ramani, akachora mstari kutoka Handeni mpaka Ziwa Tanganyika. Mama akaufuata kwa kidole, taratibu, nchi nzima ikipita chini ya ukucha wake.

"Kwa hiyo kesho alasiri namshika mkono?"

"Ndiyo, bibi."

Mama akalia.

Nikabeba gunia mwenyewe, nikaliweka kwenye mizani, pale nilipokuwa nimesimama.

Haya, anayetaka kuzitukana ndege ndogo leo aje hapa chini kwenye maoni. Atabishana na mimi.