Mbavu za Jiwe la Mwalimu

Butembo, mwaka 1998: tulipoteza mwalimu wetu wa darasa la sita. Mpaka leo nikisikia harufu ya chokaa mbichi, naliona jiwe lake.

Mwalimu alitoka Bas-Congo, kando ya bahari, akaletwa kwetu na serikali. Jiwe alilitoa kwao: kombe la bahari lililogeuka jiwe zamani sana. Lilikuwa na umbo la kiganja kilichofunguliwa, upande mmoja umetuna, mwingine bapa. Penye ncha palitoka masikio mawili; la mbele refu, na chini yake pengo dogo. Mbavu zilishuka toka ncha hadi ukingo, zikikatwa na mistari ya ukuaji iliyopangana kama matuta ya mashamba ya Luofu. Tulilishika kwa zamu, tukalilamba kwa siri tukitafuta chumvi. Hatukuipata. “Hesabuni munachoona, hapana munachoambiwa,” alizoea kusema.

Miaka ile ya vita, jiwe zito lililofungwa kitambaa kama lake halikuachwa kuwa jiwe tu. Mtu alisema mwalimu anaficha madini. Asubuhi moja askari watatu wakaingia darasani.

“Mwalimu, hii ni madini gani?” mkubwa wao aliuliza.

“Hapana madini, chef. Ni coquille, kombe ya bahari ya kufundishia. Iko mu kaye yangu. Uliza mutoto yeyote.”

“Mutu wa bahari anatembeza bahari mu mufuko,” askari mwingine alisema, wenzake wakacheka.

Mkubwa alificha jiwe nyuma ya mgongo, akafungua daftari la mwalimu, akanielekezea kidole.

“Wee mutoto wa mbele. Mbavu ngapi?”

“Makumi mbili na moja.”

Akasoma. “Hapa aliandika makumi mbili. Donc nani anadanganya, mwalimu ao mutoto?”

Sikudanganya. Karibu na ukingo ubavu mmoja uligawanyika. Mimi nilihesabia ukingoni, mwalimu alihesabia kwenye ncha. Hilo nililifahamu nikiwa mtu mzima, na sikuwa na wa kumwambia. Watu husema walikuja kumchukua tu, hesabu yangu haikubadili kitu. Huenda. Lakini ni mimi niliyesema.

“Mutoto amehesabu muzuri,” mwalimu alisema.

Wakamsukuma ndani ya gari lililokuwa likienda Beni. Mkubwa alibaki uani, akalipiga jiwe kwa kitako cha bunduki mpaka likapasuka. Ndani lilikuwa kijivu tupu. Akaokota vipande vyote hata hivyo, akavitia mfukoni, akapanda mbele.