Mkaguzi wa Getini

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaa wa Ilembo, maana huko wameshaanza kunitania. Mimi ni mkuu wa shule ya Montessori hapa Mpanda, na tulikuwa tunatafuta ithibati ya kimataifa. Wiki nzima tulifanya mazoezi ya kumpokea mkaguzi. Mlinzi wetu, mzee Maganga, nilimvalisha koti langu akaigiza mkaguzi, na watoto wakajifunza kumpelekea maji.

Siku yenyewe akaja mkaguzi wa kweli, mama mmoja mpole. Nikamwambia kwa kujiamini, "Hapa mtoto akianza kazi yake, mwalimu haingilii. Hata mimi siingilii."

Neema, mtoto wa miaka mitano, akainua sinia la maji. Akampita mkaguzi, akatoka nje, akanyoosha mpaka getini. Nikataka kumwita, yule mama mkaguzi akanishika mkono. "Si mmesema hamuingilii?"

Tukamfuata.

"Shikamoo mkaguzi, karibu maji," Neema akamwambia mlinzi.

Mzee Maganga akanitazama, akaona asiniangushe. Akanywa yote, akakohoa kidogo kama nilivyomfundisha.

"Marahaba. Shule nzuri sana hii. Wapeni ithibati."