Hazijapatikana, Parrain

Emérithe alikuwa na jibu moja kwa kila jambo asilolitaka. Akiombwa sufuria kubwa na mtu ambaye harudishi sufuria za watu, sufuria ilikuwa haijapatikana. Mwanamume fulani wa Tensta, kitongoji cha Stockholm, alipomposa, nafasi ya kufikiria ilikuwa haijapatikana, ikaendelea hivyo hivyo kutopatikana mpaka bwana yule akaoa kwingine. Alikuwa amekulia Buyenzi, Bujumbura, na kwao mtu mwenye adabu hamtupii mwenzake "hapana" usoni. Humwambia kitu hakijapatikana, na mwenzake, kama naye ana adabu, hukohoa kidogo akahamia habari za mvua. Hakuna anayehesabu kwamba amedanganywa. Wameelewana, basi.

Kwa jibu hilo aliishi Uswidi miaka mingi bila kugombana na mtu, akipika katika jiko la shule moja Bredäng, kusini mwa Stockholm, na kumlea binti yake Mélissa, hadi mwanzoni mwa mwaka 2010, Sixten alipotaka risasi.

Sixten alikuwa mzee wa Kiswidi, fundi mstaafu wa lifti, anakaa peke yake Hallonbergen, upande wa pili wa jiji. Mkewe Odile alikuwa Mfaransa. Odile ndiye aliyemwona Emérithe kwenye misa ya Kifaransa, ana tumbo la miezi minane na viatu vya kiangazi kwenye theluji, akamvalisha koti lake, akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake bila kumuuliza maswali. Mélissa alipobatizwa, Sixten akasimama kuwa parrain, baba wa ubatizo. Kwa Waswidi wengi jambo hilo huishia kwenye picha na keki. Kwa Emérithe, na kwa Mrundi yeyote mkatoliki utakayemuuliza, parrain wa mtoto wako ni mtu wa nyumbani mwako mpaka kaburini, na ombi lake halina mlango wa kutokea.

Jumapili aliyoziomba risasi, walikuwa wamekwisha kula kwake. Sixten akaenda chumbani, akasikika anahangaika na funguo za kabati la chuma, kisha akarudi amebeba kitu kirefu kilichofungwa taulo. Akakilaza mezani, pale pale palipokuwa na sahani, akafunua. Ilikuwa bunduki.

Ilikuwa ya babu yake Odile, akaeleza, Lebel ya jeshi la Ufaransa, aliyoibeba kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Ilivyobaki mikononi mwake baada ya vita hakuna aliyeuliza. Odile alikuwa akisema kila mwaka kwamba angependa kuisikia mara moja, maana babu yake alikataa kuipiga tena maisha yake yote. Na kila mwaka Sixten akajibu mwaka ujao. Sasa Odile yuko makaburini, na macho ya Sixten yanafifia. Daktari angempima tena mwezi wa kumi, na akiandika alichoona, leseni ya bunduki itakwenda zake. Mwezi wa tisa klabu yake ya shabaha hufanya siku ya bunduki za zamani. Siku hiyo alitaka kuijaza kama babu alivyoijaza, apige kwa ajili ya Odile. Kasoro ni risasi. Nchini hakuzipata, wauzaji wanaozijua wako Ufaransa, na Kifaransa chake hakivuki salamu na majina ya jibini.

"Wewe utanisomea," akasema, na kwa furaha akavuta komeo la bunduki nyuma, akalirudisha mbele.

Ule mlio ndio uliomfisha ganzi Emérithe. Alikuwa ameusikia mara moja maishani, nje ya mlango wa kwao, usiku watu wenye silaha walipokuja kumtoa kaka yake Clovis. Baada ya mlio ule ukaja mwingine, na baada ya huo Clovis hakuwapo. Hadithi hiyo Sixten hakuijua. Hakuna mtu Stockholm aliyeijua, hata Mélissa. Emérithe aliangalia vidole vyake, akaona vimeshika kitambaa cha meza, akasikia mdomo wake unasema ndiyo, Parrain, tutatafuta.

Wakatafuta. Kila Jumapili tarakilishi ilifunguliwa karibu na bunduki iliyolala kwenye taulo lake, na Emérithe akamtafsiria mzee bei na anwani tu, huku mwenyewe akisoma kimoyomoyo mambo ambayo hakuna mwanamke wa jikoni anayeyaomba. Hivyo akajifunza, apende asipende. Lebel haina kisanduku cha risasi. Ina bomba chini ya mtutu, na risasi hulala humo moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa kitako cha iliyo mbele yake. Kitakoni mwa kila risasi pana fataki ndogo inayowasha baruti. Pua ikiwa imechongoka, bunduki ikishtuka kwa kupiga, inaweza kuigonga fataki ile kama msumari, na risasi ikalipukia ndani ya bomba, chini kabisa ya kiganja cha mpigaji. Jeshi la Ufaransa lilitumia risasi zenye ncha, lakini zake zilikuwa na mfereji kitakoni na kifuniko juu ya fataki, na hizo zilizobaki zimezeeka, si za kuaminiwa. Salama ni zinazotengenezwa sasa zenye pua bapa, na hata hizo baada ya fundi kuikagua bunduki.

Mwezi wa tatu akazipata. Muuzaji wa Lyon, mpya, pua bapa, na yuko tayari kuzituma kwa njia halali kupitia duka la bunduki la Stockholm. Sixten alikuwa jikoni akichemsha kahawa. Emérithe aliyasoma maneno yale mara mbili kimya kimya, akaona mbele yake mwezi wa tisa, na mlio ule. Akaufunga ukurasa.

"Hazijapatikana, Parrain," akasema.

Akasubiri kikohozi. Akasubiri mvua. Sixten akaweka vikombe mezani, akafikiri, akasema vizuri, basi tujaribu Ubelgiji.

Hapo ndipo alipojua amejifungia mlango kwa ndani. Ubelgiji hazikupatikana. Uswisi hazikupatikana. Kila Jumapili alisafiri kutoka Bredäng hadi Hallonbergen, laini nyekundu ya treni kisha ya buluu, huku ameikariri sura ya kusikitika, na kila Jumapili Sixten alimshukuru kwa kujitaabisha. Shukrani zile ndizo zilizomkaba. Mzee hakuwa mjinga hata kidogo. Amezaliwa katika nchi ambayo mtu asiyetaka husema hataki, na mtu akisema kitu hakipo, maana yake amekitafuta na hakipo. Emérithe alimweleza rafiki yake Séraphine, Mkongomani wanayeimba naye kwaya, sehemu ile tu iliyosemeka. Séraphine akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Ee mama, huyu mzungu wako unamuambia hakuna, na yeye anaandika hakuna," akasema. "Sema *non*, ifike mwisho."

Ni rahisi kusema kwa mtu ambaye hakuvalishwa koti na Odile.

Kiangazi kilipofika Sixten akaacha kuuliza. Tarakilishi haikufunguliwa tena Jumapili, bunduki ikabaki kabatini. Emérithe akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu masika. Aliona mzee ameelewa hatimaye, ila amechelewa kidogo kama Waswidi wanavyochelewa katika mambo ya namna hiyo, akampikia maharage na ndizi kwa furaha. Sijui kwa nini mtu akipata raha haiulizi imetoka wapi.

Mélissa ndiye aliyeleta habari, jioni moja ya Ijumaa mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Alikuwa akipitia Hallonbergen baada ya shule kumsomea parrain wake barua, maana macho yalizidi kuharibika. Mama akamuuliza kwa Kiswahili mzee anaendeleaje, binti akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba yuko na furaha sana, kesho anapiga ile bunduki ya Odile. Mtu mmoja wa klabuni amemtengenezea risasi nyumbani kwake, kwa sababu mama alitafuta Ulaya nzima na hazipo.

Emérithe akaacha kukatakata vitunguu. Akauliza zikoje.

Nzuri, akasema Mélissa. Zinang'aa, zina ncha kama penseli iliyochongwa.

Alipiga simu, haikupokelewa. Sixten huvua vifaa vyake vya kusaidia kusikia akikaa peke yake, na pengine alikuwa amekaa hapo hapo karibu na simu akifuta bunduki. Emérithe aliwaza kiganja cha mzee, kile cha kushoto, kinachoshika chini ya mtutu. Kiganja hicho kilimbeba Mélissa mbele ya altare. Akaogopa, na ndani ya hofu hasira, nayo ni ya kujikasirikia yeye mwenyewe. Alikuwa amezuia risasi salama, na nafasi aliyoiacha wazi imejazwa na za kuua. Akavaa koti juu ya aproni, akatoka.

Sixten alimfungulia baada ya kugongewa mlango sana. Taulo lilikuwa mezani, bunduki juu yake, na pembeni kisanduku cha plastiki chenye risasi za ncha. Emérithe hakukaa, hata maneno aliyoyapanga kwenye treni hayakumngojea.

"Zipo," akasema. "Zenye pua bapa. Zipo tangu mwezi wa tatu, Lyon. Hizo zitakulipukia mkononi."

Sixten akarudisha kifaa sikioni, akamwomba arudie. Ikabidi aseme mara ya pili, polepole, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mzee akachukua risasi moja, akaisogeza karibu na jicho, akaigusa pua yake kwa kidole gumba. Klabu ile ilikuwa na watu wanaojua bunduki zao za Mauser vizuri, si Lebel, na aliyezitengeneza alikuwa na nia njema. Akairudisha kisandukuni, akafunga kifuniko.

"Kwa nini hukuniambia hapana?" akauliza. Hakukasirika. Alitaka kujua kweli.

"Wewe ni parrain wa mtoto wangu," akasema Emérithe, kisha akaona kwamba kwa Sixten hilo halikujibu kitu. Hivyo akamwambia lililobaki. Akamwambia mlango wa Buyenzi, na komeo, na Clovis aliyekuwa amevaa soksi tu. Alilisema kwa Kiswidi, lugha aliyojifunza mezani pale pale kwa Odile, na labda ndiyo sababu liliweza kutoka. Alilia wazi, bila kujificha uso.

Sixten hakumgusa. Alipomaliza, mzee alikusanya bunduki na taulo lake, akaifungia kabatini, akarudi akakaa.

"Basi haipigwi," akasema. "Imekwisha."

Ungedhani Emérithe alirudi Bredäng mwepesi. Hakuwa mwepesi hata kidogo. Usoni mwa Sixten aliona namna mtu anavyoweka chini kitu cha mwisho alichobaki nacho, kwa upole, bila kumlaumu mtu. Odile aliomba jambo moja, akafa akilingoja. Sasa halitafanyika kabisa, na sababu ni mwanamke yule yule Odile aliyemwokota kwenye theluji. Jumamosi nzima alizunguka nyumbani kati ya Clovis na Odile, akimtazama huyu, akimtazama yule, na hakuna kati yao aliyempisha. Wafu wa Emérithe nao walikuwa na adabu, hawakumwambia hapana wala ndiyo.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, akamwandikia muuzaji wa Lyon mwenyewe.

Hakumwomba Sixten ruhusa, alimpa habari tu. Fundi akaikagua bunduki, akasema mtutu ni mzima. Duka likapokea risasi. Siku ya klabu ilikuwa imepita, lakini msimamizi wa uwanja, aliyeaibika kwa habari ya zile za ncha, akawapa asubuhi yao peke yao siku chache kabla ya miadi ya daktari. Uwanja ulikuwa nje ya mji, msituni, pana baridi na harufu ya misonobari. Emérithe alizipapasa risasi moja moja kabla hazijaingia bombani. Pua zilikuwa bapa kama kifutio cha penseli.

Kazi yake ilikuwa darubini. Macho ya Sixten yaliona shabaha, lakini tundu la risasi hayakuweza kuliona. Hivyo Emérithe hakuweza kugeuka, hakuweza kufumba macho, hakuweza hata kukaa garini. Alisimama bega kwa bega na mzee, vifuniko vya masikio kichwani, na bado aliusikia mlio wa komeo, nyuma, mbele. Akashika miguu ya darubini, akaita jina la kaka yake kimoyomoyo, na bunduki ikalia.

Moshi ukapita. Sixten alikuwa mzima, kiganja chake kizima, amesimama na machozi yanamshuka shavuni bila haya.

"Nimepata?" akauliza.

Emérithe akaangalia. Karatasi ilikuwa nyeupe kutoka pembe hadi pembe. Malezi yake yote yakajipanga ulimini, yale ya kusema imekaribia, upepo ulikuwa mkali, tundu halijaonekana vizuri. Akayameza.

"Hapana, Parrain," akasema. "Umekosa."

Sixten akamgeukia, akamtazama kwa muda kama mtu anayetambulishwa kwa jirani aliyekaa naye miaka. Akacheka, akasema asante, akavuta komeo tena. Emérithe akarudisha jicho kwenye darubini.