Maziwa ya Chumba cha Sufi

Niliondoka Dar es Salaam kwa ajili ya kikombe cha maziwa. Msicheke. Zilikuwa enzi za ruksa, mashirika ya umma yanauzwa kila kukicha, na kiwanda kimoja kidogo cha magodoro na mito ya sufi pale Morogoro kilikuwa kimepata mwenyewe mpya. Mwenyewe huyo akakuta wafanyakazi wa chumba cha kuchambulia sufi wanapewa kikombe cha maziwa kila siku ya kazi, tangu enzi za serikali, eti maziwa yanaosha vumbi kifuani. Akaandika wizarani kuuliza kama ni kweli. Kama si kweli, ayakate.

Mimi nilikuwa mtafiti kwenye ofisi ya serikali iliyoshughulika na ajali na magonjwa ya kazini. Miaka yote niliyokaa pale nilikuwa naomba kwenda kupima vumbi la sufi, naambiwa gari hakuna, mafuta hakuna, fungu hakuna. Leo tajiri kauliza habari za maziwa, fungu limepatikana ndani ya wiki! Mkuu wangu aliniita, akanikabidhi barua. "Nenda ukajibu swali," akasema. "Swali lenyewe ni moja tu. Usituletee mengine." Nikamwambia sawa mkuu, nikatoka nimeuma meno.

Alhamisi asubuhi nilipanda basi na sanduku langu la vifaa: pampu ndogo za kunyonya vumbi, ambazo mtu huvaa kiunoni huku chujio limebanwa kwenye kola, na mashine ya kupima pumzi, ambayo mtu hupuliza kwa nguvu zake zote. Konda akataka kulitupa juu ya keria pamoja na magunia. Tulibishana mpaka abiria wakaanza kupiga kelele, nikalipakata sanduku hilo kutoka Dar hadi Chalinze, na kutoka Chalinze hadi Morogoro. Miguu ilikufa ganzi. Jirani yangu akaniuliza ndani kuna nini. Nikamjibu, mashine ya kupima maziwa, maana hata kueleza nilikuwa nimechoka.

Stendi ya Msamvu, pale Morogoro, nilishuka jua likiwa kali, milima ya Uluguru imejifunika wingu kiunoni kama kawaida yake. Nikapata chumba kwenye gesti moja ya mtaa wa Mafiga, safi, ila godoro lake la sponji lilikuwa limebonyea katikati. Hayo magodoro ya sponji ndiyo yaliyokuwa yakikiua kiwanda cha sufi sokoni. Nililala shimoni.

Ijumaa asubuhi, kiwandani, nilipokewa na meneja, Bwana Massawe, mtu mpole mwenye tabasamu lisiloisha. Akanipa chai, akanipa maandazi, akanipeleka chumba cha sufi. Nilipofika mlangoni nilitaka kulia. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji mpaka inang'aa. Mashine ya kuchambulia ilikuwa inazunguka polepole, inajikongoja, na madirisha yote yalikuwa wazi. Akina mama waliokuwa kazini walikuwa wamevaa vitambaa vipya vyeupe puani, bado vina mikunjo ya dukani.

"Kila siku mnafanya hivi?" nikauliza.

"Usafi ni jambo la kawaida hapa, dada mtaalamu," akasema Bwana Massawe.

"Basi leo sipimi."

Tabasamu likapungua kidogo. Nikamwambia nitakaa pale mpaka sakafu ikauke na mashine irudi kwenye mwendo wake wa kazi, hata kama ni wiki nzima, na barua ya kueleza sababu ya kuchelewa nitaiandika mimi mwenyewe. Nikavuta kiti, nikakaa. Siku hiyo yote nilikaa.

Jumamosi ndipo kazi ilipoanza ya kweli, maana walikuwa na oda ya shule ya bweni na hawakuweza kuendelea kunibembeleza. Jamani, sufi! Ile inayoitwa laini, nyepesi, ukiilalia unasinzia mara moja. Pale chumbani ilikuwa haina ulaini wowote. Maganda yakipasuliwa na mashine ikishika kasi, hewa yote inakuwa nyeupe. Inakaa kwenye kope, inaingia masikioni, inakwama kooni. Madirisha yalikuwa yamefungwa, upepo usije ukaipeperusha mali ya tajiri. Vitambaa vyeupe havikuonekana tena, akina mama walikuwa wamejifunga kanga mdomoni. Niliwafunga pampu zangu viunoni, na machujio yakabadilika rangi kabla hata ya mapumziko.

Kengele ikalia. Akina mama wakapanga mstari, kila mmoja na kikombe chake cha bati. Fomeni, kijana mmoja mwenye sauti kubwa aitwaye Shabani, akawa anamimina maziwa huku akiwatazama wanavyokunywa. Utaratibu ndio huo: unakunywa mbele ya fomeni, hakuna kuondoka nayo.

Nikamuuliza Bwana Massawe, "Wagonjwa wa kifua mnao wangapi?"

"Hatuna."

"Nasikia watu wanakohoa hapa tangu nimeingia."

"Aa, hao ni wale wasiokunywa maziwa yao," akasema bila wasiwasi wowote. "Wanayaficha, wanayapeleka nyumbani. Kiwanda kimewapa kinga, wao wameikataa. Sasa hilo ni kosa letu?"

Nimeshasikia visingizio vingi katika kazi hii. Nimesikia mtu aliyekatwa kidole akilaumiwa kuwa na vidole virefu. Lakini hiki kilinishinda. Na kibaya zaidi, wafanyakazi wenyewe walikuwa wanakiamini.

Mchana huo nilimwomba mama mmoja aje apulize mashine ya pumzi. Aliitwa Bi Mwanahawa, Mluguru, mkongwe kuliko wote mle chumbani, na kikohozi chake nilikuwa nimekisikia kutwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, lakini mashine akaikataa.

"Mimi niache, mwanangu. Pima wenzangu."

"Mama, wewe ndiye hasa ninayekutaka."

"Niache nakwambia. Ugonjwa wangu nimejitakia." Akageuka, akarudi kwenye sufi yake, na wenzake nao wakaikwepa mashine.

Nikaona nisimshike kwa nguvu. Nikamuuliza tu waliougua na kuacha kazi wako wapi, maana kiwandani wote eti wazima. Akanyoosha kidole dirishani, mlimani. Kumbe mtu akishindwa kupumua anarudi kwao juu, na kiwanda kinabaki na wazima wake, kinajisifu. Kaka yake Bi Mwanahawa alikuwa mmoja wao. Akaniambia kesho yake anakwenda kumtazama, kama nina miguu nifuatane naye.

Jumapili tuliianza njia ya mlima bado kuna ubaridi. Bi Mwanahawa alikuwa amembeba mgongoni mjukuu wake, Asha, ambaye hajatimiza hata mwaka. Mama yake, binti pekee wa Bi Mwanahawa, alifariki baada ya kujifungua. Nikaomba nimbebe mimi, akakataa. Tulipandisha kando ya migomba na vishamba vya maharage vilivyoning'inia ukingoni, mto unalia chini. Wanawake waliotwishwa ndizi walikuwa wanatuamkia na kutupita, wengine watu wazima kuliko yeye. Yeye kila kona alisimama, ameshika mti, mabega yanapanda na kushuka. Nilimtazama nikajua jibu bila mashine.

Kwenye kona moja mtoto akaanza kulia. Bi Mwanahawa akakaa kwenye jiwe, akatoa chupa kutoka kwenye pindo la kanga. Maziwa yaliyochemshwa. Nikaitazama ile chupa, naye akaona ninavyoitazama.

"Sasa umejua," akasema. "Haya, nenda kaniseme."

"Nikuseme kwa nani, mama?"

"Fomeni akigeuka nayamimina. Tangu mtoto huyu aje mikononi mwangu sijanywa hata funda moja. Nilijua kifua kitaharibika. Nikasema basi, kiharibike, mtoto anyonye." Akamfuta Asha mdomo kwa kidole. "Ndiyo maana sitaki mashine yako. Itasema ninaumwa, wataniuliza maziwa uliyapeleka wapi. Nitajibu nini? Watanifukuza, na hata hayo ya mtoto yatakwisha."

Mwenzenu nilikasirika nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Huyu mama alikuwa anaamini amekiuza kifua chake mwenyewe, kwa hiari yake, na hamdai mtu!

"Mama, nisikilize," nikasema. "Maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi linakwenda kwenye mapafu. Hayakutani. Ungekunywa ndoo nzima kila siku, bado ungekohoa. Hao wanaokunywa mbele ya Shabani nao wanakohoa, hujawasikia?"

Mtoto akamaliza chupa.

"Yaani si mimi?" akauliza.

"Si wewe."

"Si mimi niliyejiua?"

"Wallahi si wewe, mama. Ni ile hewa. Wangefunga feni ya kuinyonya sufi itoke nje, ungekuwa mzima."

Aliirudisha chupa tupu kwenye pindo la kanga. Kisha akajifunga mtoto mgongoni, akasema, "Twende, kaka anatungoja."

Juu kijijini, kaka yake tulimkuta amekaa barazani, ameinama mbele, mikono magotini, mkao wa mtu anayetafuta hewa. Alitukaribisha kwa ndizi za kuchemsha na kunitania kwamba watu wa Dar tunapanda mlima kwa mdomo. Nikamuuliza kifua kilianza lini.

"Nilipoacha kazi," akasema. "Pale kiwandani nilikuwa nakunywa maziwa, mzima kabisa. Nimerudi huku, maziwa hakuna, ndipo kifua kikanishika. Waambie wasije wakayakata."

Bi Mwanahawa akanitazama mimi, kisha akamtazama kaka yake. "Si maziwa, kaka," akamwambia. Akaanza kumweleza upya habari ya tumbo na mapafu, kwa lugha yao ya nyumbani, taratibu, na mimi nikabaki nakula ndizi. Kaka alibisha mpaka tukaondoka.

Jumatatu kengele ya maziwa ilipolia, nilikuwa mlangoni nakusanya pampu zangu. Bi Mwanahawa alifika mbele ya Shabani, akapokea kikombe chake, akatoa chupa mbele ya watu wote, akamimina maziwa ndani polepole, akafunga kizibo.

"We bibi!" Shabani akafoka. "Hukunywa!"

"Sinywi. Ni ya mjukuu wangu. Mimi kifua changu kimeharibiwa na sufi, sio na maziwa niliyoacha. Hujaelewa muulize mgeni wa serikali, yule pale." Akaja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye kiti. "Lete mashine yako."

Akapuliza. Mshale wa mashine ulinyanyuka kidogo, ukarudi. Nyuma yake wakapanga mstari wale wote waliokuwa wamenikimbia Jumamosi.

Ofisini, Bwana Massawe alinipokea tabasamu limerudi lote. "Kwa hiyo nimesikia maziwa hayafanyi kazi! Vizuri sana. Tuandikie hivyo hivyo."

"Hayafanyi kazi, ndiyo maana hamna kinga yoyote mle ndani. Mnatakiwa feni."

"Feni tutaitazama. Maziwa ndilo swali tulilouliza."

"Na watu wanaokohoa?"

"Dada mtaalamu," akasema kwa ule upole wake, "usipaniki."

Nipaniki! Nilichukua sanduku langu nikatoka kabla sijamwambia la kumwambia.

Jumanne, ndani ya basi la kurudi, niliandika ripoti yangu yote kichwani, maana nilijua watasoma sentensi moja tu. Basi nikaifanya hiyo moja ibebe kila kitu: kwamba kwa kuwa maziwa hayazuii vumbi, hakuna mfanyakazi hata mmoja wa chumba hicho aliyewahi kukingwa, na wote waliopimwa wakakutwa na kasoro waondolewe kwenye sufi mara moja na feni ifungwe. Mkuu wangu alipoisoma alishika kalamu nyekundu. "Sentensi ndefu hii. Ikate hapa, kwenye maziwa."

"Haikatiki, mkuu."

"Uliulizwa kuhusu maziwa."

"Nimejibu. Ukiikata, toa na jina langu."

Akaipitisha, akisonya. Mwaka mzima hakunipa safari nyingine.

Nilichojifunza safari ile ni kwamba ukiwapa watu wenye haraka nusu ya ukweli, wataondoka na ile nusu inayowafaa, kwa hiyo usiwape nusu. Na wala sijioni nimeshinda. Miezi kadhaa baadaye dereva wa basi la Morogoro alikuja ofisini kwetu na furushi limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na mto mpya wa sufi, mishono imenyooka, na salamu za mdomo ambazo dereva alizisema kama alivyotumwa: "Bi Mwanahawa anakusalimu sana. Anasema maziwa wameyakata, Asha sasa anakunywa uji. Feni bado iko kwenye sanduku lake, wameikalia. Lakini yeye wamemhamishia chumba cha kushona, na mto huu kaushona yeye."

Naulalia mpaka leo. Ni laini kweli, na kila nikigeuza kichwa nakumbuka kwamba kuna mtu aliyeichambua hiyo sufi.