Waya wa Chuma Kwenye Antena ya Misheni

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha foni, hapa misheni Kolwezi, Padri Prokireri hakunipa kipaza sauti. Alinipa visikizio na daftari. Foni ni redio ya kusema na kujibiwa. Kwa foni hiyo tulizungumza na misheni za mbali kama Kisenge na Musumba, ambako barabara ikiharibika hata barua haifiki. Padri tulimwita Prokireri kwa kuwa ndiye aliyesimamia vitu vyote vya misheni. Tena alikuwa redio-amateri: alikuwa na kibali cha serikali cha kuzungumza hewani na wenzake wa nchi za mbali, kwa kujifunza tu.

"Wiki mbili utasikiliza," aliniambia. "Mutu hajue kusikiliza, akisema ataharibu."

Nilisikiliza. Namshukuru Mungu kwa wiki zile, ingawa nilizisahau siku nilipozihitaji zaidi.

Miaka ikapita. Antena yetu ilikuwa ya waya wa shaba, na Kolwezi shaba haikai juu ya nguzo muda mrefu. Wezi waliikata mara mbili. Mara ya tatu waliacha kipande tu. Mimi nikapanda, nikaunga kile kipande na waya wa chuma, nikavisokota pamoja kwa koleo. Chuma hakina mnunuzi. Nilijisifu mbele ya mlinzi wetu, Tata Mutombo, kwani mzee huku huitwa tata, yaani baba: "Sasa waje. Watarudi mikono mitupu."

Msimu mmoja wa mvua ulipita. Wa pili ulipoanza, redio ya mjini ikaingia kwenye foni yetu. Kituo kile kilikuwa karibu, na mtambo wake ulikuwa na nguvu nyingi. Sista muuguzi wa Musumba alikuwa akitaja dawa zilizomwishia, na juu ya sauti yake gitaa na tangazo la sabuni.

"Kolwezi, munanisikia? Narudilia: kwinini, chupa..." Kisha gitaa.

Fundi wa kituo aliitwa Kalenga. Aliwahi kuja kwetu kuazima mita ya umeme, akavitazama vyombo vyetu kwa muda mrefu. Hilo lilinitosha kumshuku. Nikaanza kuandika kila saa alipotuziba, na nikagundua jambo: mvua ikinyesha, hewa ilikuwa safi. Nikakata shauri kwamba Kalenga anautumia mtambo wa kituo kutuziba kwa siri, na akiogopa radi anauzima.

Nikaandika barua ya mashtaka kwa ofisi ya masafa, yaani ile inayompa kila mtu namba yake ya hewani. Siku zile mtu aliyeshtakiwa kuziba mawasiliano aliweza kuchukuliwa kazini, na nyumbani kwake wasijue alipo. Nililijua hilo nilipokuwa naandika jina la Kalenga. Nikapeleka barua kwa Padri Prokireri aitie sahihi.

Aliisoma, akafunga kalamu yake. "Zungusha namba," alisema.

Nikazungusha. Kwenye masafa ya Kisenge gitaa lilikuwepo. Kwenye masafa ya ma-amateri, Padri alikozungumza na rafiki zake, lilikuwepo vilevile.

"Kalenga iko na mitambo ngapi?" aliuliza. "Mutu akitaka kuziba mulango yako, atasimama ku mulango yako. Huyu amesimama ku milango yote. Hii kitu iko kwetu."

"Na mvua, Padri? Mvua ikinyesha anazima."

"Basi tungoje mvua."

Ilinyesha Jumatano alasiri. Foni ikawa safi kabisa, nami nikamtazama Padri kama mtu aliyeshinda kesi. Yeye akafungua dirisha. Pale getini, chini ya bati, redio ndogo ya Tata Mutombo ilikuwa ikipiga gitaa lilelile. Kituo hakikuwa kimezimwa hata kidogo.

Tata Mutombo alituona. "Nipunguze, Padri?"

"Hapana, Tata. Ongeza."

Mvua ilipokatika nilipanda. Pale nilipounga shaba na chuma palikuwa pameliwa na kutu. Kutu ya namna hiyo hufanya kazi kama kipokezi kibovu: hushika kituo chenye nguvu kilicho karibu, kisha hukimwaga kwenye masafa yote. Maji yakiijaza, hunyamaza.

Padri hakuichana barua. "Umupelekee Kalenga," alisema. "Asome."

Kalenga aliisoma mpaka mwisho akiwa amesimama, nami nikamweleza habari za waya wa chuma na kutu yake. "Tata," akaniita, ingawa umri wetu ulikaribiana, "hii chuma uliitia ju ya kuogopa nani?"

"Wezi."

"Na mi ukanitia mu kundi yao."

Akaikunja barua, akaiweka mfukoni. Kesho yake alikuja na chuma cha kulehemu na waya mpya wa shaba, akaunga shaba kwa shaba, akapaka lami juu yake. Sista wa Musumba akasikika neno kwa neno. Barua Kalenga hakuirudisha, na sikuthubutu kuiomba.

Nimestaafu sasa, na nina kipokezi changu cha amateri barazani. Vijana huja kunilalamikia kwamba jirani fulani anawaziba kusudi. Nawauliza kama wamepanda kutazama waya wao. Wengi hukasirika.

Kalenga naye amestaafu, na tunasali kanisa moja. Miaka yote hii hajaitaja barua ile. Jumapili tunapoambiwa tupeane amani, huwa ni yeye anayenyoosha mkono kwanza.