Mkono wa Kushoto wa Mama Mdogo

Mara ya kwanza nilipomwekea Mama mdogo tableti ya kuchorea mapajani, aliishika kama anavyoushika mkono wa bi harusi wa kuchorwa hina. Vidole vinne vya mkono wa kushoto vilikaa juu, dole gumba chini, kisha akaizungusha taratibu kuelekea kifuani pake ili ua linalofuata limkae vizuri. Waya ukachomoka, kioo kikazima, na ua lake la kwanza likapotea kabla halijapata hata jani.

"Kimekufa," akasema.

"Hakijafa, Mama mdogo. Umechomoa waya."

"Sasa mie nitachoraje kitu kisichogeuka?"

Mimi ni mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na asubuhi ile nilifanya yote mawili. Nilikuwa nimeihangaikia tableti ile mpaka nikachoka, nikaibeba kutoka kwangu Chumbageni hadi uani kwake Ngamiani, nikaiweka mbali na jiko la mkaa, halafu anaivuta kama anamtoa mtu majini.

Huyu Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu. Ni mchoraji wa hina. Maharusi wa Ngamiani waliopita mikononi mwake hawahesabiki, na watu walikuwa wakimfuata kwa gari kutoka Pangani, Ushongo, hata Mkwaja, maana huko kote ilijulikana kwamba bua la hina yake, ule mstari unaopanda kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole, halikatiki. Mimi mwenyewe hajanichora. Sijaolewa, jambo ambalo hanikumbushi ila kila anaponiona.

Macho ndiyo yaliyomwangusha. Hospitali walimwambia sehemu ya nyuma ya jicho imechoka, wala miwani haitasaidia, wala kisu. Mtu mzima akisimama mlangoni anamwona. Lakini akitazama kitu kidogo, katikati panakuwa na doa la ukungu, na hina yote ni vitu vidogo. Alijaribu kumchora mtoto wa jirani, majani yakapandana, bua likatoka nje ya kidole. Akaiweka koni ya hina chini, akanawa, na tangu siku hiyo wakija kumwita anasema anaumwa mgongo. Hakutaka watu wajue ni macho. Nilimwonea huruma mpaka nikawa sipendi kupita kwake.

Ingekuwa hayo tu, labda angezoea. Lakini ana binti mmoja, kitinda mimba, na tangu binti huyo akiwa wa kubebwa mgongoni mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe nitakuchora mwenyewe. Koni ya mtu mwingine haitakugusa." Posa ilikuwa imeshajibiwa. Ndoa ilikuwa iwe mwezi wa mfungo tatu, baada ya Idi ya kuchinja. Kila mtu nyumbani alilijua lile neno la mama na hakuna aliyethubutu kulitaja, na binti mwenyewe alikuwa akijitia kusema kwamba siku hizi hina nyingi imepitwa na wakati, atapaka kucha tu. Mama yake alikuwa akimsikiliza na kuendelea kuchambua mchele ambao haoni chuya zake.

Tableti niliipata kwa rafiki yangu aliyekuwa akichora ramani za nyumba kabla hajahamia Dar. Ni ya kioo, unachora juu ya picha yenyewe, na picha unaweza kuikuza ua moja likawa kubwa kama sinia. Nilijiambia, ua la ukubwa wa sinia Mama mdogo ataliona. Atachora humo hina ya mwanawe, kisha mwanafunzi wake ataitazama na kuihamishia mkononi kwa bi harusi. Mwanafunzi huyo ni mama mtu mzima wa Muheza, Mlutheri, mtoto wa watu waliokuja zamani kukata mkonge, na mkono wake ni mwepesi. Yeye alikubali palepale. Mama mdogo alisema, "Haya, tuone," kwa sauti ya mtu asiyetaka kukuvunja moyo.

Tabu ilikuwa kwenye draiva. Kompyuta yangu haitumii mfumo wa kununua. Natumia ule wa bure, unaotengenezwa na watu waliotapakaa duniani ambao hata sura hawajuani. Humo kila kifaa kinahitaji draiva yake, kiprogramu kinachokaa katikati kama mkalimani: kifaa kinatuma namba, draiva inazigeuza kuwa mstari kwenye kioo. Draiva ya tableti ile iliandikwa na bwana mmoja wa nchi ya baridi, akaiacha wazi ili anayetaka aisome na kuirekebisha. Kalamu iliielewa vizuri sana. Vidole haikuvijua. Kioo chenyewe kilivihisi, na namba zake nilikuwa nikiziona zikipita kwenye waya, ila draiva ilizipokea na kuzitupa. Na kwa Mama mdogo, tableti isiyojua vidole ni sahani.

Basi nikaanza kuifundisha vidole. Nilikuwa nikienda kwake asubuhi, baada ya chai, tukaketi uani, mimi na kompyuta, yeye na tableti, majirani wakichungulia kuona tunauza nini. Nikaanza na kidole kimoja, kisha viwili vya kukuza picha, kisha viwili vya kuizungusha. Kila kidole kikigusa kioo hupewa namba yake, na hukaa nayo mpaka kiondoke. Mwanzoni draiva yangu haikuwa inatangaza kidole kikiondoka. Mama mdogo akainua mkono kujikuna, na picha ikaendelea kuzunguka peke yake, taratibu, kama feni inayoanza.

"Audhu billahi," akasema, akaisukuma mapajani. "Mwanangu, kidude chako kina mwenyewe."

"Ni kidole chako, Mama mdogo. Kompyuta inadhani bado kipo."

"Vidole vyangu vyote ninavyo hapa. Kakitoe hicho kingine ndipo uniite."

Nilikitoa. Akarudi, akakuza picha, na hapo nikaona jambo ambalo nilikuwa sijaliona kwa muda mrefu: Mama mdogo akiinamia mchoro na kutabasamu. Aliona. Alichora jani, akalichora na mshipa wake wa katikati. Nikajiona fundi, nikamaliza na maandazi yake yote.

Furaha haikufika adhuhuri.

"Kinazunguka nikiwa sichori," akasema. "Nikichora kinagoma, kama punda."

Sababu niliijua. Draiva hizi zina sheria: kalamu ikikaribia kioo, vidole vyote vipuuzwe. Ni sheria ya busara, kwa kuwa mtu akichora hulaza kiganja juu ya kioo, na kiganja hicho kingeivuruga picha. Watu huchora, huinua kalamu, huzungusha picha, kisha huendelea.

"Inua kalamu kwanza, Mama mdogo, halafu uzungushe."

"Nikiinua, bua linakatika."

"Haliwezi kukatika, utaliunganisha."

"La kuunganishwa ndilo lililokatika."

"Watu wote duniani wanainua kalamu!"

"Basi hao wote waje wamchore mwanangu."

Nilifunga kompyuta kwa kishindo. Mama mdogo akaniambia, "Lete mkono." Nikampa, nimenuna. Akachukua kijiti cha ufagio, akanishika kwa mkono wake wa kushoto, na akaanza kunichorea bua hewa, bila hina, kutoka kifundoni. Hapo nikatazama kwa makini kitu ambacho nilikuwa nimekiona tangu utotoni bila kukitazama. Mkono wake wa kulia haukusogea ila kidogo sana. Kilichotembea ni mkono wangu. Wake wa kushoto ulikuwa ukinigeuza kidogo kidogo chini ya kijiti, na bua likapanda lenyewe hadi kwenye ncha ya kidole.

"Mbona unanibana hivyo?" nikamuuliza.

"Sikubani. Nakusikiliza. Mkono ukiwa wa baridi, bi harusi anaogopa. Ukitetemeka, ana lake moyoni. Hapo namwambia, tulia mwanangu, tulia, mpaka naye atulie. Wako una hasira."

Niliondoa mkono wangu, lakini hasira ilikuwa imeshapungua.

Kilichobaki kilikuwa kazi, na sikuwa na haja ya kubishana tena na mtu. Sheria ya kuzima vidole vyote niliivunja, nikaweka nyingine. Kalamu ikiwa kiooni mahali fulani, draiva ikadirie kiganja cha mchoraji kimelala wapi, chini ya kalamu na upande wa kulia, na ipuuze eneo hilo peke yake. Vidole vitakavyogusa kwingine visikilizwe, hata kalamu ikiwa inachora. Tena Mama mdogo hagusi kwa ncha za vidole. Analaza vidole vyote vinne, na draiva ilikuwa inavidhania ni kiganja. Hilo nalo nililirekebisha. Ilikataa, ikakubali, ikakataa. Umeme ulikuwa ukikatika, betri inakufa, naye ananiuliza kama tayari. Ramadhani ikaingia ikatoka.

Nilipoona inakwenda, niliituma kwa yule bwana wa nchi ya baridi, ili iingie kwenye draiva yenyewe na asije mtu mwingine akahangaika kama mimi. Alinijibu kwa adabu na kwa ufupi. Alishukuru kwa vidole. Kuhusu sheria ya kalamu, aliuliza: ni nani anayechora na kuzungusha kwa wakati mmoja?

Nilimwandikia jibu la moto, nikalifuta. Nikamwomba Mama mdogo ruhusa ya kupiga video.

"Mikono tu," akasema. "Sura yangu usiipeleke kwenye baridi."

Alimchora mwanafunzi wake kwa kijiti kilekile, nami nikarekodi mikono minne. Jibu lilikuja baada ya siku chache, na safari hii lilikuwa refu. Yule bwana alisema ameitazama video pamoja na mkewe, wakairudia. Alisema marehemu mama yake alikuwa akiremba keki juu ya kisahani kinachozunguka, mkono mmoja unaminya krimu, mwingine unazungusha, na hakuwahi kulifikiria hilo mpaka alipouona mkono wa kushoto wa Mama mdogo. Alitaka kitu kimoja tu: watumiao mkono wa kushoto wasisahauliwe, mtu aweze kuchagua upande. Nikaongeza. Akakipokea kiraka changu, yaani marekebisho yote, kwenye draiva yake. Nilipomsomea Mama mdogo barua ile kwa Kiswahili, akasema, "Mungu amrehemu mama yake. Mkono mmoja haulei mwana."

Alichora hina ya binti yake kwa asubuhi nyingi, ua moja likijaza kioo kizima, mkono wa kushoto ukizungusha, wa kulia umetulia. Siku moja nilikuwa jikoni nikamsikia anasema na mtu. Nikachungulia. Alikuwa peke yake, ameinamia tableti, anaiambia, "Tulia mwanangu, tulia." Nilirudi jikoni nikalia kidogo, na nikaunguza vitumbua.

Siku ya hina ikafika. Bi harusi alikuwa amekwishasingwa mwili kwa manukato, chumba kinanukia udi, wanawake wamejaa mpaka mlangoni. Tableti tuliiegemeza kwenye mto, mchoro wote ukionekana. Kuna waliouliza kwa nini mama mtu hachori mwenyewe, na mama mtu akawajibu mbele ya wote, bila kusingizia mgongo, "Macho yangu hayaoni vitu vidogo tena. Nimechorea pale." Bibi mmoja wa Pangani akasema, "Pole, mwanangu," na maneno yakaisha.

Mwanafunzi akaanza. Maua ya kiganja yalitoka sawasawa na ya kwenye kioo. Alipofika kwenye bua akasita. Alichora kidogo, akafuta kwa kitambaa. Akachora tena, akafuta tena. Jasho likamtoka.

"Mama, naliona," akasema, "lakini mkono wa bi harusi haunifuati."

Mama mdogo alikuwa ameketi nyuma yake, mikono mapajani. Akasogea kwenye mkeka mpaka akakaa ubavuni kwa binti yake. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Niachie huo mkono. Wewe shika koni, usiinue."

Akaushika mkono wa mwanawe, vidole vinne juu, dole gumba chini, akafumba macho. Koni ikagusa kifundo. Mkono ukaanza kugeuka taratibu chini yake, naye akawa anaufuata mchoro alioujua kwa moyo, na bua likapanda. Nilisahau kwamba nina kompyuta. Nilikuwa natazama ule mkono wa kushoto, na katikati ya njia nikauona unatetemeka.

Binti yake aliusikia kabla yangu. Alimwinamia mama yake sikioni, akafunika kile kiganja cha kushoto kwa mkono wake mwingine ambao bado haujachorwa.

"Tulia, mama," akamwambia. "Tulia."

Mama mdogo akatulia, na bua likafika kwenye ncha ya kidole bila kukatika.