Fyuzi Iliyobaki Mfukoni

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya umeme wa magari, Njiro, nilifika saa nzima kabla ya geti kufunguliwa, nimebeba vyeti kwenye bahasha ambayo hakuna aliyeiomba.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia fundi mkuu.

"Marahaba. Wewe ndiye injinia? Weka bahasha mbali na grisi, chukua spana namba kumi."

Spana hiyo hufungua vichwa vya betri. Kichwa hasi hutangulia kufunguliwa na hufungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Kazi yetu nyingi ilikuwa kufunga stebilaiza, kisanduku chenye kapasita za kuhifadhi umeme kidogo, kinachounganishwa na betri. Umeme ukishuka ghafla, kisanduku hujazia kwa muda mfupi; ukipanda, hunyonya. Taa hazipepesi, redio haikoromi. "Lakini hakiponyi betri iliyochoka," fundi mkuu alimwambia kila mteja. Usalama ulikuwa kwenye fyuzi ya waya wake, karibu kabisa na kichwa chanya: waya ukichunika ukagusa bodi, fyuzi hukatika kabla gari halijashika moto.

Mimi nilipima kila kitu mara nne.

"Injinia, unaipima hiyo betri au unaiombea?" fundi mkuu aliniuliza.

Siku moja akaja daktari wa mifugo, mama wa makamo. Friji ya chanjo garini mwake ilizima kila feni ya injini ilipoanza kuzunguka, na wafugaji walikuwa wanamsubiri na ng'ombe kule juu, Olmotonyi. Betri nzima, oltaneta inayoichaji nzima. Nikafunga stebilaiza, nikapima, akaondoka.

Nikatia mkono mfukoni kutafuta kalamu. Nikakuta fyuzi. Katika kupima mara ya nne niliichomoa niione tu kama ni nzima. Bila fyuzi ile umeme haukufika kwenye stebilaiza; ilikuwa pambo, na chanjo zingeharibika.

Nikaanza kueleza. Fundi mkuu akanikatiza: "Maelezo baadaye. Piga simu, panda pikipiki."

Nilimkuta daktari Ngaramtoni, kaegesha pembeni.

"Imezima mara mbili, mwanangu. Naiwasha tena, naomba Mungu."

Kipimajoto cha friji kilionyesha baridi bado inatosha. Nikarudisha fyuzi, tukasubiri. Feni ikaanza. Friji ikaendelea kunguruma.

"Mbio zote hizi kwa kidude hiki?" akacheka. "Ng'ombe hawatajua. Mimi nimejua."

Fundi mkuu hakunigombeza. Aliweka sheria tu: kabla boneti haijafungwa, injinia anageuza mifuko nje. Wenzangu walipiga kelele, "Upekuzi! Toa vyote!"

Mwaka huu amestaafu, analima maharage upande wa Momela. Wiki iliyopita aliniletea pikapu yake nimfungie stebilaiza. Nilimuuliza kipi kigumu katika kustaafu.

"Kusikia gari la mtu linalalamika, ukanyamaza."

Nilipomaliza nilipima mara mbili. Ya tatu nilijizuia. Hakuangalia mita.

"Mifuko?"

Nikaigeuza: kalamu, pipi, kipande cha waya. Akatazama, akafunga boneti mwenyewe, akawasha gari kurudi shambani.